SARAFU YENYE KICHWA PANDE ZOTE MBILI: NAMNA YA KUITAMBUA

Wakazi wa Mkongo, Ikwiriri, Utete na vijiji vya Delta ya Rufiji, pamoja na watumishi wa Serikali wanaokusanya ushuru na ada kwa fedha taslimu, wanapatiwa somo hili kuhusu sarafu ambazo pande zake zote mbili zina kichwa cha kiongozi. Sarafu za namna hiyo hutengenezwa katika nchi mbalimbali kwa ajili ya viinimacho na mizaha, na zinaweza kuponyoka zikaingia katika mzunguko. Anayeipokea huweza kuangukia katika moja ya makosa mawili: ama huidhania kuwa ni hazina adimu, akashawishika kuinunua kwa fedha nyingi, ama humtuhumu kwa ughushi mwenzake aliyempa chenji, ilhali mwenzake huyo naye aliipokea bila kujua.

Ifahamike kwanza kwamba karibu sarafu zote za aina hiyo hazikutoka kiwandani zikiwa hivyo. Sarafu hupigwa kati ya chapa mbili, na aghalabu chapa hizo hupewa maumbo tofauti ili moja isiweze kufungwa mahali pa nyingine. Makosa yamewahi kutokea ulimwenguni, lakini ni machache mno kiasi kwamba mtu wa kawaida hana haja ya kuyatarajia sokoni. Anachokishika mkononi ni sarafu mbili zilizofanywa moja. Fundi huichukua ya kwanza, akaitia katika mashine ya kukereza na kuichimba upande mmoja hadi ikabaki mfano wa kisahani chenye ukingo. Ya pili huikereza pembeni na mgongoni ipate kuwa ndogo na nyembamba, kisha akaipachika ndani ya ile ya kwanza. Kazi ikiwa nzuri, jicho halioni kitu.

Lakini ukucha huhisi. Mshono haupo kwenye ubavu wa nje wa sarafu, mahali ambapo wengi huutafuta. Upo upande mmoja tu, pale ambapo uso wa sarafu unakutana na ukingo wake. Ncha ya sindano ipitishwe hapo polepole, kuzunguka duara lote. Ikiwa ni sarafu nzima, sindano itateleza. Ikiwa imeungwa, itakwama katika mfereji mwembamba kama uzi. Kwa wakazi wa pwani ipo dalili nyingine. Sarafu ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2014 ni ya chuma kilichopakwa nikeli. Ikishakerezwa, chuma cha ndani hubaki wazi, na jasho pamoja na hewa ya chumvi haviachi kukipata. Mstari wa kutu unaofuata ukingo kwa ndani ni jambo la kutiliwa shaka.

Sauti nayo husaidia. Sarafu inayochunguzwa idondoshwe juu ya sakafu ya saruji pamoja na nyingine ya thamani ile ile. Iliyo nzima hulia kwa mlio wa wazi, na iliyoungwa aghalabu hutoa mlio mzito uliokufa. Mwenye kumfahamu sonara na aende kupima uzito: sarafu halali ya shilingi 500 ina gramu 9.5. Sumaku haitegemewi katika jambo hili, kwa kuwa madini yaliyotumika ni yale yale ya sarafu halali.

Kipo kipimo chepesi kuliko vyote, nacho hakihitaji chombo. Katika sarafu zetu, thamani huandikwa upande wa mnyama: vifaru katika shilingi 50, swala katika 100, simba katika 200, nyati katika 500. Upande wa pili ni wa viongozi. Mzee Ali Hassan Mwinyi yumo katika ile ya 50, Mwalimu Julius Nyerere katika ile ya 100, na Mzee Abeid Amani Karume katika zile za 200 na 500. Kwa hiyo sarafu yenye vichwa viwili haitaji thamani yake popote. Hali kadhalika, kivuli kilichofichwa katika sarafu ya 500, ambacho huonesha tarakimu 500 au herufi BOT kila inapoinamishwa, kipo upande wa nyati. Penye vichwa viwili hakipo.

Tahadhari moja kwa wanaookota sarafu za kale, hasa katika pwani hii iliyofanya biashara na Kilwa, Mafia na Unguja. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina maandishi pande zote mbili, wala hazina kichwa. Pesa ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria ina mizani. Riale ya Maria Theresa ina kichwa cha malkia upande mmoja, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Hizo hazikuchezewa na mtu, ndivyo zilivyopigwa.

Madhara makubwa zaidi yamo katika kurusha shilingi. Tarehe 5 Juni 1968, mjini Naples, nusu fainali ya Ulaya kati ya Italia na Urusi ya Kisovieti iliamuliwa kwa sarafu baada ya kutoka suluhu, na Italia ikapita. Ikiwa jambo zito kama hilo liliwahi kukabidhiwa sarafu, basi si ajabu kwamba zamu ya kisima, mpaka wa viwanja au nani aanze mpira huamuliwa hivyo hivyo vijijini. Mwamuzi aoneshe pande zote mbili kabla ya kurusha, na anayechagua aishike kwanza mkononi mwake.

Kumiliki kifaa cha kiinimacho ni jambo moja, na kukitumia kulipia bidhaa ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inataja miongoni mwa makosa yanayohusu sarafu lile la kupunguza uzito wa sarafu halali kwa nia ya kuipitisha tena kama halali. Atakayeikuta katika mauzo yake asiirudishe sokoni. Aitenge, aandike siku aliyoipokea na mahali alipoipokea, kisha aipeleke kituo cha polisi au benki. Mbali na vituo hivyo, Afisa Mtendaji wa Kijiji anaweza kuipokea mbele ya shahidi.