JUU YA NINI SASI MOJA INAPIGA NA NYINGINE INAKOSA?
(Somo la fizike kwa wenzetu wa mwaka wa tatu na wa nne)



Kisha likizo kubwa mwenzetu mmoja wa mwaka wa nne alirudi na habari iliyoleta kelele mingi katika chumba cha kulala. Babu yake ni mwindaji. Ana bunduki ya kienyeji, ile inayojazwa kwa mdomo, watu wanaiita pupu. Siku tatu alimfyatulia nguruwe wa pori kwa hatua kama sitini, na siku tatu alikosa. Wazee walikaa jioni, wakasema bunduki "imefungwa". Kisha wakaanza kutafuta nani aliyeifunga, na jina la mama mmoja mjane likatoka. Mwenzetu alituuliza: je, bunduki inaweza kurogwa?

Sisi wa mwaka wa sita tulijibu mbio mbio kwamba hapana. Kisha tukaona haya, maana tulisema hapana bila kuweza kueleza neno lolote. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Katika Kiswahili neno risasi linashika mambo mawili: madini yenyewe, na kitu kinachotoka katika bunduki. Hapa tutasema risasi kwa madini, na kile kinachotoka tutakiita sasi (wengi: masasi), sawa tunavyosema huku kwetu.

Sasa tutazame bunduki ya askari wa zamani wa Ulaya. Waingereza walikuwa nayo moja waliyoiita Brown Bess. Mtutu wake ulikuwa laini ndani kama bomba la maji, na upana wake karibu milimeta 19. Lakini sasi yake ya mviringo ilikuwa karibu milimeta 17.5 tu. Juu ya nini waliifanya ndogo hivi? Juu ya kuijaza upesi. Baruti ikiungua inaacha masizi, na sasi kubwa ingekwama njiani. Basi askari aliangusha sasi, ikashuka yenyewe, akashindilia, akafyatua. Upesi alipata, lakini shabaha alipoteza, kwa sababu sasi ile ilitembea ndani ya mtutu ikigonga huku na huku, na ilipotoka ilifuata upande wa kugonga kwa mwisho. Tena ilizunguka ovyo hewani. Mwingereza Benjamin Robins aliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1742: kule kuzunguka ovyo kunaipindisha sasi njiani. Mchezaji wa mpira anayepiga kona ya kupinda anajua jambo hilo kwa mguu, hata kama hajui kwa kitabu.

Dawa yake ilijulikana zamani: kuchonga ndani ya mtutu mifereji inayojipinda polepole kama skrubu. Sasi ikishika mifereji, inatoka ikizunguka juu ya mhimili wake, ncha mbele, na kitu kinachozunguka hivyo hakipendi kugeuka. Mtazameni pia ya watoto: ikisimama inaanguka, ikizunguka inasimama.

Lakini ili sasi ishike mifereji lazima ibane, na ikibana ni nani ataisukuma toka mdomoni mpaka chini? Wenye bunduki ya Baker ya mwaka 1800 walifunga sasi katika kitambaa chenye mafuta, na mwanzoni walipewa hata nyundo ya mti ya kuipigia. Hebu fikirini askari akipiga nyundo huku adui anamkimbilia!

Fumbo ndilo hili: sasi iingie kwa ulegevu, itoke kwa kubana. Tukilishika hili, mengine yote ya kuchagua na kujaza sasi tutayaelewa.

Wafaransa ndio waliolifungua. Mwaka 1849 afisa mmoja, Claude-Étienne Minié, alionyesha sasi ndefu yenye ncha, tena yenye shimo nyuma, na ndani ya shimo kikombe kidogo cha chuma. Sasi iliingia bila shida. Baruti ilipolipuka, moshi wa nguvu ulisukuma kikombe ndani ya shimo, na ukingo wa nyuma wa sasi ukapanuka, ukajaza mifereji. Baadaye Mmarekani James Burton aliona kwamba kikombe hakihitajiki: ukingo ukiwa mwembamba vya kutosha, moshi peke yake unaupanua. Na Waingereza katika bunduki yao ya Enfield ya mwaka 1853 baadaye waliweka kizibo cha mti.

Tuikamate hiyo Enfield, maana hesabu zake ni nzuri kwa darasa. Mtutu una upana wa milimeta 14.66, na sasi ya kwanza ilikuwa milimeta 14.43. Tofauti haifiki hata robo ya milimeta. Sasi ina uzito wa karibu gramu 34, baruti karibu gramu 4.4. Mifereji ni mitatu, na inamaliza zunguko moja kwa sentimeta 198. Mtutu wenyewe una sentimeta 99, basi sasi inafanya nusu zunguko tu mpaka itoke. Mtu atasema nusu ni kidogo sana! Tuhesabu. Tuseme inatoka kwa mwendo wa meta 280 kwa segonde. Tugawanye 280 kwa 1.98, tunapata mara 141. Sasi ile inazunguka mara 141 katika segonde moja.

Kutoka hapo tunaona namna ya kuchagua. Risasi iwe safi na laini. Ikichanganywa na madini mengine inakuwa ngumu, ukingo haupanuki, na mifereji haina kazi. Upana wa sasi upimwe kwa mtutu wake yenyewe, kwa sababu mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kuachana. Na sasi zilizomiminwa nyumbani zipimwe moja moja kwa mizani. Risasi inayeyuka kwa digri 327. Ikimiminwa katika kalibu isiyo na moto wa kutosha, inaweza kuficha tundu la hewa ndani. Kwa macho huoni kitu. Lakini mizani inaonyesha upungufu, na sasi yenye tundu upande mmoja itayumba hewani kama gurudumu lililopinda. Wapigaji wenye bidii wanarudisha sasi ya namna hiyo motoni bila huruma. (Tena moshi na vumbi la risasi ni sumu, kazi ile si ya jikoni.)

Upande wa baruti, haitoshi kusema "kiasi kidogo". Tuseme leo tumeweka kipimo kamili, na sasi inatoka kwa meta 280 kwa segonde. Kesho mkono umepunguza kidogo, inatoka kwa 260. Tuache hewa pembeni. Kwa meta 100 ya kwanza inatumia segonde 0.357, na inaanguka sentimeta 63. Ya pili inatumia segonde 0.385, inaanguka sentimeta 73. Mtu ni yule yule, jicho ni lile lile, lakini sasi imeshuka sentimeta kumi zaidi. Nani ameroga?

Namna ya kujaza nayo inafuata njia ile ile. Baruti inamwagwa yote, sasi inashushwa polepole mpaka ikae juu ya baruti, na kila mara kwa mkono wenye nguvu sawa. Isigongwe kwa kifimbo, maana ncha inaharibika na baruti inapondeka. Wala isibaki nafasi kati ya sasi na baruti: mtutu unaweza kupasuka, na mtu akapoteza mkono au jicho.

Bado mafuta. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki hewa, inabaki masizi na moshi mzito. Mafuta juu ya sasi yanalainisha masizi hayo ili sasi ya pili na ya kumi ziingie kama ya kwanza. Neno dogo, tungedhani! Lakini mwaka 1857 huko India askari wenyeji wa jeshi la Waingereza walisikia kwamba karatasi za Enfield, walizopaswa kurarua kwa meno, zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. La kwanza ni machukizo kwa Mhindu, la pili kwa Mwislamu. Katika mji wa Meerut askari 85 walikataa kupokea karatasi walizopewa, wakafungwa gerezani. Tarehe 10 Mei wenzao wakawafungua, na vita kubwa ikaanza. Vita ile ilikuwa na sababu nyingi nyuma yake, lakini mafuta ndiyo yaliyowasha.

Leo hii watu wanashindana bado kwa bunduki hizi. Kuna chama cha mataifa, MLAIC, tangu 1971. Mpigaji anapewa nusu saa kwa kufyatua mara 13, na zile 10 bora zinahesabiwa. Wengi wanatumia nta ya nyuki ndani ya mafuta yao, na kati ya sasi na sasi wanapangusa mtutu kwa kitambaa.

Sasa turudi kwa babu. Mwaka 1890, katika mapatano ya Bruxelles, mataifa ya Ulaya yalikataza kuleta bunduki nzuri katika sehemu kubwa ya Afrika, na Kongo ilikuwa ndani. Walichoruhusu katika biashara ni zile za jiwe la moto, zenye mtutu usio na mifereji. Walijua sana tofauti ya mtutu na mtutu, tena waliijua kwa faida yao. Pupu ya leo inafanana na zile: fundi wa chuma anatumia bomba laini, baruti inapimwa kwa kiganja, na ndani kunaingia vipande vya chuma visivyolingana. Kwa hatua sitini, kukosa mara tatu si ajabu. Sisi tungeshangaa kama angepiga mara tatu.

Mwenzetu ameandika barua nyumbani, na tumemsaidia kuweka hesabu ile ya sentimeta kumi. Akienda likizo ya Pasaka ataomba kuiona bunduki yenyewe. Tumemwambia asiangalie mdomoni mbele ya kujua kama haina kitu: babu mwenyewe aingize kifimbo mpaka mwisho, aweke alama ya kidole, kisha akilaze nje kando ya mtutu. Kama alama inafika penye tundu la moto, ni tupu. Kama inapungua vidole viwili au vitatu, kuna baruti ndani.