Kifyatuo cha Flashi Kisichotumia Waya: Utendaji na Istilahi Zake kwa Mpigapicha wa Kisii na Nyamira

1.0 Utangulizi

Mchongaji wa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, hulichonga jiwe la sabuni, akalisugua kwa msasa na maji, kisha akalipaka nta hadi ling'ae. Mnunuzi aliye mbali haligusi jiwe hilo. Huona picha yake tu. Picha ikiwa mbaya, kazi ya siku nyingi huhukumiwa kwa kosa lisilo la mchongaji. Makala haya yanadhamiria kueleza namna kifyatuo cha flashi kisichotumia waya kinavyosaidia kuepuka kosa hilo. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi inayotaja kazi ya kifaa ni nusu ya somo lenyewe.

2.0 Tatizo la Mwanga wa Mbele

Flashi inapokaa juu ya kamera, mwanga wake hufuata takriban njia ile ile inayotazamwa na lenzi. Vivuli huanguka nyuma ya kitu, mahali ambapo kamera haioni. Ilhali ni kivuli kinachodhihirisha kina: bila kivuli, mkato wa patasi hufifia na sanamu huonekana bapa. Zaidi ya hayo, nta aghalabu huurudisha mwanga huo kwenye lenzi kama doa jeupe.

Flashi ikiondolewa kwenye kamera na kuwekwa kando, kwa mfano kwa pembe ya nyuzi 45, kila mkato hupata upande wa nuru na upande wa kivuli. Kitambaa cheupe kikitandazwa kati ya flashi na sanamu, kivuli hulainika. Umbali nao una kanuni yake: flashi ikisogezwa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaolifikia jiwe hupungua hadi robo, wala si nusu.

3.0 Utendaji wa Kifyatuo

Flashi ikiwa kando, sharti iwake katika wakati ule ule ambao kamera inapiga picha. Hapo ndipo kifyatuo kinapohitajika. Kina sehemu mbili: kirusha mawimbi, kinachokaa juu ya kamera, na kipokea mawimbi, kinachounganishwa na flashi. Kitufe kinapobonyezwa, pazia la kamera hufunguka, kamera hukiarifu kirusha mawimbi, mawimbi husafiri hadi kwenye kipokea mawimbi, flashi huwaka. Yote haya hutukia katika sehemu ndogo mno ya sekunde.

Vifyatuo ni vya aina kuu mbili. Vipo vinavyotumia mwanga au miali ya infraredi. Hivi huhitaji njia iliyo wazi baina ya sehemu hizo mbili, na hutatizwa na jua kali. Vya redio hupenya kitambaa na mbao, hivyo flashi yaweza kufichwa nyuma ya pazia la ukumbi. Baadhi ya vifyatuo vya redio hutumia masafa ya megahezi 433, na vingi vya siku hizi hutumia gigahezi 2.4.

Mambo mawili hukosewa mara nyingi. Kwanza, kasi ya pazia ina kikomo. Katika kamera nyingi kikomo hicho ni karibu 1/200 au 1/250 ya sekunde. Kasi ikizidi hapo, pazia huwa limefunika sehemu ya picha wakati flashi inapowaka, na ukanda mweusi hutokea. Kamera na flashi zenye utaratibu maalumu huweza kuvuka kikomo hicho, lakini nguvu ya mwanga hupungua. Pili, vifyatuo sahili huamuru flashi iwake, basi. Havibadilishi nguvu yake. Nguvu hiyo hupangwa kwa mkono kwenye flashi yenyewe.

4.0 Istilahi na Mantiki Yake

Neno triga, lililokopwa kutoka Kiingereza, ni jepesi kutamka, lakini halimwelezi kitu asiyekijua kifaa. Kitenzi fyatua, kwa upande mwingine, kinafahamika kwa mtu aliyewahi kutega mtego au kufyatua matofali: kilichozuiwa huachiliwa ghafla. Kwa kufuata muundo wa ziba – kizibo na funika – kifuniko, fyatua hutoa kifyatuo. Vivyo hivyo, kirusha mawimbi na kipokea mawimbi hufuata muundo wa kipaza sauti na kipima joto. Mwanafunzi akisikia majina haya, amekwisha kujua kipi kinatoa na kipi kinapokea.

Neno masafa linahitaji tahadhari. Katika matumizi ya kawaida humaanisha umbali. Katika taaluma ya redio hutaja idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sentensi "kifyatuo hiki kina masafa makubwa" ina maana mbili, na anayenunua kifaa aweza kupotoshwa nayo. Inafaa basi masafa yabaki kwa mawimbi, na umbali utumike kwa mita.

Chaneli, neno lililozoeleka kutokana na televisheni, halina haja ya kubadilishwa. Maana yake hudhihirika katika harusi. Wapigapicha wawili wenye vifyatuo vya aina moja wakikutana ukumbini Nyamira, na wote wako kwenye chaneli 1, mmoja akibonyeza kitufe, flashi ya mwenzake huwaka. Betri ya mwenzake huisha bure, na huenda flashi ikawa haijajaa tena bibi harusi anapovishwa pete. Tukio hilo halirudiwi. Dawa yake ni kuulizana mapema na kuchagua chaneli tofauti.

5.0 Hitimisho

Kijana wa Kisii anayejifunza kupiga picha huzungumza Ekegusii nyumbani na Kiswahili na wateja wengi, lakini maelekezo ya kifaa chake aghalabu huyakuta kwa Kiingereza au Kichina. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa orodha ya maneno pekee. Istilahi hupimwa kazini: mwanafunzi wa Kiswahili na aandike maelekezo ya kifyatuo katika ukurasa mmoja, ampe mtu asiyewahi kukishika, kisha amtazame akikifunga na kupiga picha ya sanamu moja ya jiwe la sabuni. Mikato ya patasi ikionekana pichani, maelekezo yamefaulu. Isipoonekana, ukurasa huo uandikwe upya.