TUSOME TAIRI KABLA YA KUNUNUA

Tairi nayo ina maandishi. Tukienda kununua nyingine ya gari la nyumbani, kwanza tusome ukubwa wa ile ya zamani. Kama ni 195/65 R15, tununue hiyo hiyo.

Halafu tutazame umri. Tairi ya mtumba hupakwa dawa ikang'aa kama mpya! Ubavuni, penye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ndizo zinazosema kweli: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira ukizeeka hukauka na kupata nyufa, hata kama meno bado marefu. Ikipasuka kwenye mteremko wa kwenda Rusumo, lori liko nyuma na watoto wamo ndani, tutafanyaje?

Tarakimu zisipoonekana upande mmoja, tuigeuze. Muuzaji akinuna, shauri yake.