Mashine Mpya Karakanani: Mafunzo Niliyopata

Nilisimamia ujio wa mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, katika karakana ya samani jijini Dar es Salaam. Muuzaji alitueleza yote kuhusu kasi yake na umeme inaoutumia. Habari za mafundi ilibidi tuzitafute wenyewe.

1. Kazi ipangwe upya kabla mashine haijashushwa kwenye lori.
Fundi mwenye patasi akikuta ubao umepinda kidogo, mkono wake unaufuata. Mashine haiwezi: ua linalochongwa litachimbika mno upande mmoja na kuguswa juujuu upande wa pili. Kwa hiyo tulianzia kwenye kukausha mbao na kupiga randa. Tuliongeza watu huko, na randa tukaisogeza karibu na mashine. Historia ya umeme ina somo hilohilo. Edison alifungua kituo chake cha umeme New York mwaka 1882, lakini viwanda vya Marekani vilikuja kuvuna tija kubwa miaka ya 1920. Mwanauchumi Paul David alieleza sababu mwaka 1990: wenye viwanda wengi waliondoa injini ya mvuke wakaweka mota, huku mhimili uleule mrefu wenye mikanda ukiendelea kuzungusha mashine zote. Faida ilikuja kila mashine ilipopata mota yake na jengo zima likapangwa kufuata kazi inavyokwenda.

2. Malipo yazungumzwe mapema, tena mbele ya wote.
Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Wachongaji wetu walilipwa kwa kipande, na mlango wenye maua ulikuwa ada ya mtoto shuleni. Ukimwambia mtu huyo kwamba mashine itauchonga mlango kwa muda mfupi, anasikia kwamba riziki yake imehamia kwingine, na hotuba ya maendeleo haimsaidii kitu. Tulikaa na tajiri mwenye karakana tukakubaliana: malipo ya mlango uliokamilika na kupokelewa na mteja yagawanywe kwa timu nzima, kuanzia anayekausha mbao hadi anayepaka vanishi. Na katika kipindi cha kujifunza, asiwepo wa kushuka chini ya kipato alichozoea. Tajiri alitoa fedha nyingi kwa hilo, na ninamheshimu. Bila makubaliano hayo, naamini mashine ingeishia kufunikwa turubai, kwani nani atamfundisha mwenzake kwa moyo kazi inayompokonya mkate?

3. Mchongaji mkongwe akae mbele.
Ni rahisi kumkabidhi mashine kijana anayejua kompyuta, mzee akaachiwa msasa. Sisi tuliwaweka pamoja. Kijana alijua programu. Mzee aliijua mbao ya mninga.
“Mwanangu, punguza mwendo, biti inalia.”
“Sawa, Mzee.”
Na biti, kile kisu cha mashine, ikapona. Baadaye mzee akaanza kuchora maua yake mwenyewe karatasini, kijana akayaingiza kwenye kompyuta, na ile michoro ya kununua tukaachana nayo.

4. Kila mmoja awe na haki ya kusimamisha kazi.
Kampuni ya magari ya General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California, mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, wafanyakazi wengi wakiwa walewale, na ubora ukapanda. Miongoni mwa mageuzi ilikuwa kamba ambayo mfanyakazi yeyote aliivuta akiona kasoro, na kiongozi wake akaja kusaidia. Kwetu ni kitufe chekundu, na anayefagia vumbi ana haki nacho sawasawa na fundi mkuu.

5. Daftari lisikosekane.
Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inaweza kupoteza alama ilipoanzia. Alama hiyo iandikwe kwa kalamu, pamoja na biti iliyotumika na aina ya mbao, na anayeingia zamu asome kabla ya kuwasha.