Kwa Nini Bado Wanatumia Filamu?

Swali: Simu hupiga maelfu ya picha bila gharama. Mbona wapo wapigapicha wanaong'ang'ania filamu?

Jibu: Sababu kubwa ni uhaba wenyewe wa picha. Mkanda wa milimita 35 hutoa picha 36 hivi, na kila moja ina gharama ya kununua na kusafisha. Hivyo mpigapicha hupima mwanga na kuchagua tukio kabla ya kubonyeza. Utasema kamera ya dijitali nayo yaweza kutumiwa kwa nidhamu. Kweli, ila nidhamu ya hiari huvunjika upesi. Na wanunuzi wa filamu bado wapo: kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza filamu yake ya Ektachrome mwaka 2012, ikairudisha sokoni 2018. Kwa kazi ya haraka, tumia dijitali. Ukitaka kujifunza kutazama, anza na mkanda mmoja.