Mimea na Maumivu ya Magoti

Katika darsa iliyopita hapa Uthiru mzee wetu mmoja aliweka chupa juu ya jamvi, akauliza: "Je, hii yaweza kunirudishia sijida yangu?" Magoti yamuuma miaka mingi, akiteremka kwenda kituo cha matatu hushika ukuta. Chupa imeandikwa kuwa ni mimea mitupu, nayo ilimgharimu ujira wa wiki mbili. Swali lake lastahiki jawabu refu kuliko tulilompa usiku ule.

Maradhi haya watu huyaita baridi yabisi, na jina hilo limewapoteza wengi, kwani wadhani kuna baridi iliyoingia mifupani ambayo dawa kali itaitoa. Sivyo. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, kitu laini na telezi. Kwa umri, uzito, majeraha ya zamani na kazi ya mizigo, gegedu hulika, na kiungo huuma na kukakamaa. Hapana mmea uliothibitika kuiotesha tena gegedu iliyokwisha kulika. Hapo ndipo wauzaji wanapotutega.

Lakini kutuliza maumivu ni jambo jingine, na hapo mimea ina haki yake. Mwaka 2014 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 49 ya dawa za miti za kumeza kwa ugonjwa huu. Waliona kwamba utomvu wa Boswellia serrata, yaani ubani wa Bara Hindi, hupunguza maumivu kidogo. Asije mtu akatafuna ubani wa chetezo: uliojaribiwa umesafishwa na kupimwa. Tangawizi ilijaribiwa Marekani kwa watu 247, matokeo yakachapishwa 2001: nafuu ilikuwako, si kubwa, na matumbo ya baadhi yao yakasumbuka. Manjano yana kurkumini, ambayo mwili huipokea kwa shida, ndiyo sababu vidonge vingi hutiwa pilipili manga. Manjano ya mchuzi ni chakula chema, basi.

Sasa hatari. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliwaonya watu juu ya Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo. Ndani yake zilipatikana diklofenaki na deksamethasoni, wala hazikutajwa kwenye chupa. Ya kwanza yaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Ya pili hupandisha sukari, na aliyeizoea akiiacha ghafula huanguka. Kwa hiyo dawa ya mimea ikikuondolea maumivu yote kwa siku mbili, usifurahi upesi. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiongeze manjano wala tangawizi ya vidonge bila kumwuliza daktari.

Yaliyothibiti zaidi hayauzwi: kupunguza uzito, na kuitia nguvu misuli ya paja kwa mazoezi ya kila siku. Ama sijida, asiyeweza huswali ameketi, akaashiria kwa kichwa, wala thawabu yake haipungui. Mzee tumempa kiti safu ya mbele. Chupa ameahidi kumpelekea daktari pamoja na majina ya dawa zake zote.