Somo la Wananchi: Siku Moja Mwanza kwa Macho ya Mgeni



Wengi wetu katika Wilaya ya Magu tunalifahamu Jiji la Mwanza kwa shida zetu tu. Tunakwenda Bugando kumpeleka mgonjwa, ofisini kufuatilia barua, dukani kununua mabati. Jioni tunarudi nyumbani tumechoka. Mgeni atokaye mbali hufika asubuhi, na jua linapotua amekwisha kuona mambo ambayo kijana aliyezaliwa Kisesa bado hajayaona. Somo hili limeandaliwa ili kupunguza pengo hilo. Linapanga matembezi ya siku moja kwa ajili ya familia, kikundi cha kijamii au darasa la shule, na katika kila kituo linaonesha jambo la kujifunza na jambo la kujihadhari.

Kabla ya safari

Ondokeni alfajiri, ili saa mbili asubuhi muwe mmefika mjini. Chukueni maji ya kunywa, kofia na kitambulisho. Kundi likiwa kubwa, andikeni majina ya wasafiri wote katika karatasi mbili: moja abaki nayo mtu wa nyumbani, nyingine ashike kiongozi wa msafara. Sababu ya kufanya hivyo itaeleweka katika kituo cha nne.

Kituo cha kwanza: Miamba ya ufukweni

Anzeni kando ya maji, karibu na kivuko cha Kamanga, palipo na jiwe refu lililosimama juu ya mawe mengine kana kwamba liliwekwa kwa mkono. Wajerumani, waliojenga kituo chao Mwanza mwaka 1892, waliliita kwa jina la Bismarck, chansela wa nchi yao. Hakuna mkono uliolipanga. Mawe haya ya matale yaliundwa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Mvua, jua na upepo viliondoa udongo na mawe laini, yale magumu yakabaki wazi.

Hapa ndipo pa kuwafundisha watoto habari ya majina. Agosti 3, 1858, Mwingereza John Hanning Speke alilitazama ziwa hili kutoka kilimani karibu na Mwanza, akaliita kwa jina la malkia wake, Victoria. Wenyeji aliowakuta walikuwa wakiliita Nyanza, na walikuwa wakivua, wakisafiri na kufanya biashara ndani yake vizazi vingi kabla yake.

Kituo cha pili: Kisiwa cha Saanane

Kutoka Capri Point, boti huvuka kwa dakika chache hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Kisiwa hiki kilibeba bustani ya wanyama ya kwanza nchini tangu mwaka 1964, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Jina lake ni la Mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyeishi kisiwani kabla wanyama hawajaletwa. Hapa wanaonekana swala pala, pundamilia, pimbi, ndege wa majini, na mijusi ya miambani ambayo dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu. Raia wa Tanzania hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Ulizeni kiwango cha sasa katika ofisi ya hifadhi kabla ya kupanda boti, na mdai stakabadhi.

Tahadhari ya kituo hiki ni mbili. Kwanza, kila anayepanda boti avae jaketi okozi, likafungwa kifuani. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Pili, watoto wasiachwe kuchezea maji ya ukingoni. Katika maji yaliyotulia penye majani huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote. Aliyekwisha kuoga ziwani, kisha akapata maumivu ya tumbo au damu katika choo, aende kituo cha afya apimwe. Dawa ipo, na ugonjwa ukiwahiwa hautaharibu ini.

Kituo cha tatu: Mwaloni, Kirumba

Saa sita mchana elekeeni soko la samaki la Mwaloni. Hapa dagaa waliokaushwa hufungwa magunia na kupakiwa kwenda mikoa mingine na nchi jirani, ikiwemo Kongo. Ulizeni wachuuzi wawaoneshe dagaa waliokaushwa juu ya vichanja na wale waliokaushwa mchangani. Mkiwapangusa mkononi mtaona tofauti, na mtaelewa kwa nini bei zinapishana.

Hapa pia pana funzo la uchumi. Sangara, anayetajirisha viwanda vya minofu na ambaye mabondo yake hununuliwa kwa bei kubwa ng'ambo, si samaki wa asili wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akala furu hata aina nyingi zikatoweka. Leo yeye mwenyewe anahitaji kulindwa. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25. Mnunuzi naye ana sehemu yake: anayenunua samaki mchanga kwa sababu ni rahisi anamlipa mvuvi haramu aendelee. Kula sato wa kuchoma na ugali hapo hapo, lakini mtazame urefu wake kwanza.

Kituo cha nne: Makaburi ya Igoma

Katika kurudi, simameni Igoma. Hapa wamezikwa wengi wa waliokufa katika ajali ya MV Bukoba. Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli hiyo ilipinduka ikiwa imekaribia bandari ya Mwanza, imebeba watu kupita uwezo wake. Haikuzama mara moja. Ilielea kichwa chini, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji walipotoboa bamba la chuma ili wawafikie, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ilitoka, nayo ikazama. Mamia ya watu walikufa, na kwa kuwa wengi hawakuwa katika orodha ya abiria, idadi yao kamili haijapata kujulikana kwa uhakika.

Msione kwamba jambo hilo lilikwisha zamani. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101; waliokufa peke yao walizidi 200. Siku mbili baadaye fundi wa kivuko hicho alikutwa hai katika chumba kilichobaki na hewa.

Simameni kimya kwa muda, kisha kiongozi asome kwa sauti ile karatasi ya majina mliyoandika alfajiri. Kila mmoja aitike. Orodha ya abiria ni hiyo tu: kwamba ukipotea, yuko mtu anayejua wa kumtafuta. Kwa hiyo mwananchi anayekataa kuandikwa jina kivukoni, au anayejipenyeza chombo kikiwa kimejaa, anajiondoa mwenyewe katika hesabu ya watakaotafutwa. Chombo kikijaa, shuka. Kesho kipo kingine.

Kituo cha tano: Bujora

Malizieni Kisesa, katika wilaya yetu, kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Tazameni ngoma za watemi, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Waulizeni wenyeji habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji yaliyotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila Juni, katika sherehe za Bulabo, makundi hayo hushindana, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi.

Tumeiweka Bujora mwisho kwa makusudi. Basi la kwenda mjini hupita Kisesa kila siku, na wengi wetu hatujapata kushuka. Makumbusho yasiyotembelewa na wenye mila huishia kuwa ya wapita njia.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika mkutano wa kitongoji

1. Katika mwalo wa karibu nanyi, ni nani anayehesabu abiria wa boti? Asipohesabu, tufanye nini?

2. Watoto wetu huoga wapi, na mara ya mwisho walipewa lini dawa ya kichocho?

3. Ni mzee gani katani anayejua habari za Nyanza ambazo hazijaandikwa? Nani atamwendea kabla ya mavuno?

Tunawatakia matembezi mema, na wote walioondoka warudi nyumbani salama.